Kompyuta ya bei nafuu nyumbani: Hesabu kwanza, kununua baadaye

SOMO LA WIKI

Mfanyabiashara anayetaka kuingiza kompyuta nyumbani kwake ana njia tatu: kununua mpya, kununua ya mtumba, au kununua kompyuta ya bodi moja. Njia hii ya tatu inawavutia wengi kutokana na bei inayotajwa. Bodi yenye ukubwa wa kadi ya benki, ambayo ndani yake mna ubongo wa kompyuta, memori na matundu ya kuchomekea nyaya, iliingia sokoni ikiuzwa kwa dola 35 za Marekani. Mtu akisikia bei hiyo huona amepata kompyuta kwa gharama ya jozi ya viatu.

Hata hivyo, si ajabu kukuta bodi ya namna hiyo imelala kwenye droo miezi sita baada ya kununuliwa. Mwenye nyumba aligundua kwamba inahitaji chaja yake, kadi yake, skrini na fundi. Au alipokwisha kuviunganisha vyote hivyo hakuwa na kazi ya kuipa. Fedha iliyokwenda haikuwa nyingi, lakini kwa mwenye mtaji wa laki tano, laki mbili zilizolala kwenye droo ni bidhaa ambazo hazikununuliwa.

Somo la wiki hii linaeleza bodi hizo ni nini, gharama yake halisi ni ipi, na ni kazi zipi za nyumbani zinazoweza kurudisha fedha. Bei za shilingi zilizotumika ni za mfano tu, ili msomaji aone njia ya kukokotoa. Kila mmoja aweke bei za dukani kwake.

BIDHAA YENYEWE

Bodi inayojulikana zaidi ni Raspberry Pi, iliyobuniwa mjini Cambridge, Uingereza, na Eben Upton pamoja na wenzake. Nia yao ya awali haikuwa biashara. Waliona kwamba vijana waliokuwa wakiomba kusoma sayansi ya kompyuta chuoni hapo walikuwa wanapungua, na kwamba waliokuja hawakuwa na uzoefu wa kutunga programu kama vijana wa miaka ya 1980, waliokulia na kompyuta ndogo za nyumbani. Jibu lao lilikuwa kutengeneza kompyuta rahisi kiasi kwamba mtoto akiiharibu, mzazi hafilisiki.

Bodi ya kwanza ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012. Watengenezaji walitazamia kuuza maelfu machache tu. Hadi kampuni inayouza bodi hizo ilipoingia katika Soko la Hisa la London mwezi Juni 2024, bodi zaidi ya milioni 60 zilikuwa zimekwisha uzwa. Sehemu kubwa hutengenezwa katika kiwanda cha Sony kilichoko Pencoed, Wales.

Tangu mwaka 2012 yametoka matoleo mengi. Toleo dogo la Zero lilitoka Novemba 2015 kwa dola 5, na Zero 2 W Oktoba 2021 kwa dola 15. Pi 4 ilitoka Juni 2019 kuanzia dola 35, na Pi 5 mwaka 2023 kuanzia dola 60. Toleo la Pi 400, ambalo bodi yake imefichwa ndani ya kibodi, lilitoka Novemba 2020 kwa dola 70. Kuna pia bodi za kampuni nyingine, kama vile Orange Pi na Banana Pi kutoka China, ambazo mara nyingi huwa na nguvu nyingi kwa bei ndogo, lakini programu na maelekezo yake si mengi kama ya Raspberry Pi. Asiye na fundi wa karibu atumie bodi yenye watumiaji wengi, maana akikwama atakuta tatizo lake limekwisha tatuliwa na wengine.

BEI YA BODI SI BEI YA KOMPYUTA

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuchukua bei ya bodi kuwa ndiyo bei ya kompyuta. Bodi huuzwa peke yake. Haina chaja, haina kasha na haina mahali pa kuhifadhia kazi. Hesabu ya mfano ni kama ifuatavyo:

Bodi: Sh. 150,000
Chaja yake maalumu: Sh. 30,000
Memori kadi: Sh. 25,000
Kasha: Sh. 20,000
Jumla ndogo: Sh. 225,000

Waya wa HDMI: Sh. 10,000
Kibodi na kipanya: Sh. 30,000
Skrini ya mtumba: Sh. 100,000
Jumla kuu: Sh. 365,000

Katika mfano huu bodi yenyewe ni asilimia 41 tu ya gharama yote. Aliyetoka nyumbani na laki moja na nusu mfukoni atarudi na kitu kisichoweza kuwaka.

Mambo mawili hupunguza gharama hiyo. La kwanza ni kazi isiyohitaji skrini. Bodi inayokaa kimya kwenye kona ikihifadhi mafaili au kupima joto huongozwa kutoka kwenye kompyuta nyingine au simu, hivyo mwenye nyumba huishia kwenye jumla ndogo. La pili ni televisheni. Nyumba yenye televisheni bapa yenye tundu la HDMI haina haja ya kununua skrini.

Jambo moja halifai kupunguzwa, nalo ni chaja. Pi 4 inahitaji chaja ya volti 5.1 na ampea 3, na Pi 5 imeundiwa chaja ya volti 5 na ampea 5. Chaja ya simu iliyookotwa kabatini inaweza kuiwasha bodi, lakini ikizidiwa na kazi hupungukiwa umeme, hupunguza kasi au hujizima, na kazi iliyokuwa ikiandikwa kwenye kadi huharibika. Anayebana shilingi elfu thelathini hapo anaweka rehani laki mbili.

UMEME UNAOLIWA

Faida isiyobishaniwa ya bodi hizi ni ulaji mdogo wa umeme. Pi 4 isiyo na kazi nzito hutumia takriban wati 3, na ikizidiwa na kazi hufika kama wati 6. Kwa makadirio ya wati 4 mchana na usiku, hesabu ni wati 4 mara saa 24 mara siku 365, sawa na uniti 35 kwa mwaka. Kwa mfano wa Sh. 350 kwa uniti, gharama ya mwaka mzima ni kama Sh. 12,000.

Kompyuta ya mezani ya zamani inayokula wati 60, ikiachwa inawaka mwaka mzima, hutumia uniti 525, sawa na Sh. 184,000 hivi. Tofauti ni kama Sh. 172,000 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba mtu ambaye tayari anaacha kompyuta ya zamani ikiwaka usiku na mchana kwa kazi ndogo, akiibadilisha kwa bodi ya jumla ndogo ya Sh. 225,000, atarudisha fedha yake katika miezi 16.

Lakini mtu anayewasha kompyuta yake ya zamani saa nne tu kwa siku hutumia uniti 88 kwa mwaka, yaani kama Sh. 31,000. Huyo hana faida ya umeme ya kuikimbilia. Wauzaji hupenda kutaja hesabu ya kwanza na kuisahau ya pili. Mnunuzi aanze na LUKU yake mwenyewe.

KAZI YA KWANZA: MLINZI WA FRIZA

Kazi iliyo karibu zaidi na mfuko wa mfanyabiashara mdogo ni kulinda friza. Mfano ni wa mama anayenunua samaki Feri, Dar es Salaam, na kuwahifadhi nyumbani kabla ya kuwauza. Friza yake ina kilo 60 za samaki. Kwa Sh. 9,000 kwa kilo, ndani ya sanduku hilo mna Sh. 540,000, na pengine huo ndio mtaji wake wote.

Samaki hao wanapaswa kukaa katika nyuzi joto 18 chini ya sifuri. Adui zao ni umeme kukatika, plagi kulegea, mlango kubaki wazi na mashine ya friza kufa. Kati ya hao, kukatika kwa umeme wa mtaa mzima hujulikana upesi. Wengine watatu huja kimya kimya, na mwenye mali huwagundua kwa harufu.

Bodi hufanya kazi hii kwa msaada wa kipima joto kidogo cha waya, aina ya DS18B20, kinachopima kuanzia nyuzi 55 chini ya sifuri hadi nyuzi 125. Ncha yake inaingizwa ndani ya friza, waya unapita kwenye mpira wa mlango, na bodi inasoma joto kila dakika chache. Joto likipanda kupita kiwango kilichowekwa, kwa mfano nyuzi 10 chini ya sifuri, bodi inatuma ujumbe kwenye simu ya mwenye mali kupitia intaneti.

Ujumbe huo una thamani kwa sababu friza haiyeyuki papo hapo. Friza iliyojaa, ikiwa mlango haufunguliwi, huhifadhi baridi kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Aliyepata habari mapema ana muda wa kubana plagi, kumwita fundi, kununua barafu au kuhamishia samaki kwa jirani. Aliyepata habari siku ya tatu hana la kufanya.

Kuna sharti moja ambalo wengi hulisahau. Umeme ukikatika, bodi huzimika, na ruta ya intaneti nayo huzimika, hivyo mlinzi analala saa ile ile mwizi anapoingia. Ni lazima bodi na ruta vyote viwe na betri ya akiba. Gharama ya mfano basi ni hii: jumla ndogo Sh. 225,000, kipima joto na nyaya Sh. 15,000, betri ya akiba Sh. 60,000. Jumla ni Sh. 300,000. Kila mwaka kuna umeme Sh. 12,000 na, kwa nyumba isiyo na intaneti ya kudumu, bando la Sh. 5,000 kwa mwezi, yaani Sh. 60,000. Gharama ya kuendesha ni Sh. 72,000 kwa mwaka.

Je, inalipa? Jibu linategemea friza huharibika mara ngapi.

Ikiwa mama huyo hupoteza friza nzima mara moja kila miaka miwili, hasara yake ya wastani ni Sh. 270,000 kwa mwaka. Akiondoa gharama ya kuendesha, anaokoa Sh. 198,000, na fedha yake inarudi katika mwaka mmoja na nusu hivi. Hapo anunue bila wasiwasi.

Ikiwa ujumbe utaokoa mzigo nusu ya mara tu, kwa sababu nyakati nyingine yuko safarini na hakuna wa kufungua mlango, anaokoa Sh. 135,000 kwa mwaka. Ukitoa gharama, inabaki Sh. 63,000, na fedha inarudi baada ya karibu miaka mitano.

Ikiwa hasara humpata mara moja kila miaka mitano, wastani ni Sh. 108,000. Baada ya gharama inabaki Sh. 36,000 kwa mwaka, na fedha haitarudi kabla ya miaka minane. Huyo asinunue.

Aidha, mama anayeshinda nyumbani kila siku anaweza kununua kipima joto cha friza chenye kengele kwa Sh. 30,000 hivi, akaachana na bodi, ruta na bando. Kengele humtosha mtu aliye karibu. Bodi ina maana kwa mtu aliye mbali na ambaye nyumbani ameacha mtu wa kumpigia simu. Kipima joto hakigandishi samaki. Kinachookoa mali ni mtu anayechukua hatua baada ya kupata taarifa.

KAZI YA PILI: KOMPYUTA YA MASOMO

Hii ndiyo kazi ambayo bodi ilizaliwa kwa ajili yake. Ikiunganishwa na televisheni, kibodi na kipanya, Pi 4 au Pi 400 humwezesha mwanafunzi kuandika barua, kutumia jedwali la hesabu, kusoma vitabu na kujifunza kutunga programu kwa lugha za Scratch na Python. Mfumo wake wa uendeshaji hutolewa bure, na programu ya ofisi ya LibreOffice pia ni ya bure. Hakuna leseni ya kulipia kila mwaka.

Kwa nyumba isiyo na fedha ya bando kila siku, kuna matumizi yenye manufaa zaidi, nayo ni maktaba isiyohitaji intaneti. Programu ya Kiwix huwezesha kupakua ensaiklopidia ya Wikipedia mara moja na kuihifadhi kwenye kadi au diski. Wikipedia ya Kiingereza yote pamoja na picha huchukua karibu GB 100, na ya Kiswahili huchukua nafasi ndogo sana kulinganisha na hiyo. Programu nyingine ya Kolibri hubeba masomo na mazoezi. Bodi za Pi 3 na zilizofuata zina Wi-Fi ndani yake, hivyo bodi moja inaweza kutoa mtandao wake mdogo, na watoto wa nyumba nzima wakasoma kwa simu zao bila kutumia hata senti ya bando. Upakuaji wa mara ya kwanza ufanywe mahali penye intaneti nzuri, na si kwa bando la wiki.

Hata hivyo, mzazi alinganishe na kompyuta ya mkononi ya mtumba. Kwa Sh. 365,000 za mfano wa juu, sokoni hupatikana kompyuta ya mkononi iliyotumika yenye skrini, kibodi na betri yake. Siku ya umeme kukatika, mtoto mwenye kompyuta ya mkononi anaendelea kusoma, na mwenye bodi anawasha mshumaa. Bodi inashinda pale tu ambapo televisheni ipo tayari, au inapotakiwa maktaba ya watu wengi, au mtoto anataka kujifunza kuunganisha taa, mota na vipima joto. Kwa hilo la mwisho kompyuta ya mkononi haina pini 40 za kuunganishia vifaa kama ilizonazo bodi.

KAZI YA TATU: KUMBUKUMBU ZA BIASHARA

Duka nyingi siku hizi huweka daftari la mauzo kwenye simu au kompyuta moja. Simu ikiibiwa, madeni ya wateja huibiwa nayo. Bodi iliyounganishwa na diski ya nje, kwa kutumia programu ya Samba ambayo ni ya bure, huwa ghala la mafaili ya nyumba nzima: kila jioni simu na kompyuta zinanakili daftari, picha za risiti na orodha ya wadaiwa huko.

Mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, mafaili yawekwe kwenye diski na si kwenye memori kadi iliyobeba mfumo, kwa sababu kadi huchakaa na ndiyo huharibika kwanza. Pili, nakala iliyoko nyumba moja na ya kwanza si nakala kamili. Moto au mwizi huchukua vyote viwili. Diski ya pili iwekwe kwa ndugu au ofisini na kubadilishwa kila mwezi. Tatu, bodi zilizotangulia Pi 5 hazina saa inayoendelea kutembea umeme ukizimika. Zikiwaka tena husubiri intaneti ili kujua saa. Pi 5 ina saa, lakini betri yake hununuliwa kando. Kwa mtu anayetegemea tarehe za kumbukumbu zake, kasoro hii inaweza kuvuruga hesabu za siku nzima.

Mwenye daftari dogo hana sababu ya kununua bodi kwa kazi hii peke yake. Diski mbili za flashi na nidhamu ya kila Jumamosi hutosha. Bodi inafaa pale ambapo watu wanne au watano katika familia wana mafaili, na hakuna anayekumbuka kunakili.

KAZI YA NNE: KUZUIA MATANGAZO

Programu iitwayo Pi-hole huifanya bodi ikae kati ya vifaa vya nyumbani na intaneti, na kukataa maombi yanayokwenda kwenye anwani za matangazo. Kurasa hufunguka haraka zaidi na bando hupungua kwa kasi ndogo. Kazi hii ni nyepesi, na hata Zero 2 W inaimudu.

Wauzaji wanaoahidi kwamba matangazo yote yatakwisha wanakosea. Pi-hole haizuii matangazo ya YouTube, kwa kuwa hutoka katika anwani zile zile zinazoleta video. Vile vile haifanyi kazi kwa simu inayotumia bando lake nje ya Wi-Fi ya nyumbani. Nyumba inayotumia bando lake kwa video itaona nafuu ndogo, na inayosoma magazeti na kurasa za biashara itaona zaidi. Njia ya kujua ni kupima: kuandika matumizi ya wiki mbili kabla, na wiki mbili baada. Nyumba yenye intaneti isiyo na kikomo haitaokoa shilingi hata moja, ingawa itapata utulivu wa macho.

HATARI ZA KUHESABU

Adui mkubwa wa bodi katika nyumba zenye umeme usiotulia ni kukatika ghafla wakati kadi inaandikwa. Mfumo huharibika na bodi haiwaki tena mpaka kadi iandikwe upya. Dawa ni tatu: betri ya akiba, kadi yenye jina kutoka duka linaloaminika, na nakala ya kadi nzima iliyowekwa kando. Kadi za bandia zinazodai ukubwa ambao hazina zipo sokoni. Mnunuzi azijaze mafaili na kuyafungua tena kabla ya kuzitegemea, asije akauziwa mbuzi kwenye gunia.

Hatari ya pili ni fundi. Anayetegemea kijana mmoja wa mtaani kuweka kila kitu ajue kwamba kijana huyo atahama au atapata kazi. Maneno ya siri na hatua zote ziandikwe kwenye daftari la mwenye nyumba siku ile ile ya kufunga mtambo.

Hatari ya tatu ni usalama. Bodi iliyounganishwa na intaneti ikiwa na neno la siri jepesi ni mlango wazi. Neno hilo libadilishwe kabla ya kitu kingine chochote, na mfumo uwe unasasishwa.

MWENENDO WA BEI

Kwa miaka mingi bei ya bodi hizi ilikuwa ikishuka au kubaki pale pale huku nguvu ikiongezeka. Pi 4 ya GB 2 ilishushwa Februari 2020 kutoka dola 45 hadi 35. Oktoba 2021, kutokana na uhaba wa vipuri duniani, ilirudishwa dola 45, ikiwa ni mara ya kwanza kwa kampuni hiyo kupandisha bei. Uhaba ulidumu hadi mwaka 2023, na katika kipindi hicho walanguzi waliuza bodi kwa bei maradufu ya ile iliyopangwa na zaidi.

Somo la kipindi hicho ni kubwa kuliko bei. Bodi zilipokuwa chache, kampuni iliwapa kipaumbele wateja wa viwanda, kwa kuwa biashara zao zingesimama bila bodi hizo. Mnunuzi wa nyumbani alikaa mwisho wa foleni. Kampuni ilipouza hisa zake London tarehe 11 Juni 2024 kwa penzi 280 kwa hisa, ikithaminiwa takriban pauni milioni 542, wawekezaji walikuwa wananunua biashara ambayo wateja wake wakuu ni viwanda. Wapenda kompyuta wa nyumbani ndio walioipa jina, lakini si wao wanaobeba mauzo mengi.

Desemba 2025 bei ilipanda tena. Pi 5 ya GB 4 ilitoka dola 60 hadi 70, na ya GB 8 kutoka dola 80 hadi 95. Sababu ilikuwa kupanda kwa bei ya memori, ambayo ilikuwa ikigombewa na vituo vikubwa vya kompyuta za akili bandia. Kwa hiyo dhana kwamba anayesubiri atapata kwa bei ndogo zaidi si ya kutegemea. Kinachoweza kufanywa na mnunuzi ni kuchagua bodi yenye memori ndogo inayotosheleza kazi. Mlinzi wa friza hahitaji GB 8. Zero 2 W yenye memori ndogo humtosha, na tofauti ya bei inalipa betri ya akiba.

Kwa anayefikiria kuingiza bodi hizi na kuziuza, onyo ni lile lile. Bei za dola zilizotajwa ni kabla ya usafiri na kodi, na zinaweza kubadilika kati ya siku ya kuagiza na siku ya kupokea. Asiweke mtaji wote katika mzigo mmoja. Faida ya uhakika zaidi iko katika kuuza mtambo uliokamilika unaofanya kazi moja, kama huo wa friza, pamoja na huduma ya fundi, kuliko kuuza bodi tupu kwa mteja asiyejua aifanyie nini.

UAMUZI

Anayekwenda dukani ajibu maswali manne kwa kuandika, siyo kwa kichwa. Kazi ni ipi? Inafanywa na nini sasa, na kwa gharama gani? Jumla ya vifaa vyote ni kiasi gani? Nani atakitengeneza kikiharibika? Akishindwa kujibu swali la kwanza, hayo matatu hayana haja.

Kwa hesabu za somo hili, bodi inajilipa katika hali mbili: inapochukua nafasi ya kompyuta kubwa inayowaka usiku na mchana, na inapolinda mali inayoharibika mara kwa mara huku mwenyewe akiwa mbali. Katika masomo ya watoto hailipi kwa shilingi, ila inaweza kulipa kwa njia nyingine, na mzazi ndiye anayejua thamani yake. Katika kazi zilizobaki ni starehe. Starehe si kosa, lakini isitoke kwenye fedha ya mzigo.

ZOEZI

Mfanyabiashara wa maziwa ana friza yenye mali ya Sh. 300,000. Hupoteza mzigo wote mara moja kila mwaka. Nyumbani ana intaneti tayari, hivyo hana gharama ya bando. Mtambo kamili ni Sh. 300,000 na umeme ni Sh. 12,000 kwa mwaka. Ujumbe unaokoa mzigo nusu ya mara. Je, fedha yake itarudi baada ya muda gani?

Jibu: Hasara inayookolewa ni Sh. 150,000 kwa mwaka. Ukitoa umeme inabaki Sh. 138,000. Sh. 300,000 zikigawanywa kwa 138,000 ni miaka miwili na miezi miwili hivi. Anunue, lakini kwanza aangalie kama plagi yake haijalegea.